Msaada: ziara ya depo za vichwa vya mvuke Poland na Ujerumani, watu tisa, siku nane

Geji_Mita:
Habari za humu wakuu. Tuko tisa, watano wanaishi Ujerumani na wanne watatokea Dar. Tunataka mwishoni mwa Aprili kuingia Mei tuzungukie depo ambazo bado zinawasha vichwa vya mvuke, si makumbusho ya vichwa vilivyopakwa rangi vikakaa. Orodha yetu: Wolsztyn kule Poland, Dresden-Altstadt, Wernigerode kwenye milima ya Harz, na Meiningen. Tunaanzia Berlin.

Naomba mnisaidie mpangilio wa njia, namna ya kuomba ruhusa, na mavazi. Kuhusu tiketi, mwenzetu anashikilia kwamba wote tukate Interrail (pasi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya) tumalize kazi. Na tukifika depo saa nne asubuhi kila siku, inatosha au tutakuwa tumechelewa?

KichwaMvuke:
Nianze na saa nne, maana hilo ndilo litakaloamua mengine yote. Mmechelewa. Mkifika saa nne mtakuta kichwa kimeshapashwa, kimepakwa mafuta, pengine kimeshatoka. Mtapiga picha ya banda tupu na paka wa depo.

Boila baridi haipashwi haraka. Kichwa kikubwa kilicholala baridi kabisa huwashwa jana yake, kwa sababu chuma cha tanuri na cha pipa la boila havitanuki kwa mwendo mmoja. Ukilazimisha moto, boliti zinazoshika kuta za tanuri zinapasuka na mirija inaanza kuvuja kwenye bamba lake. Kichwa kilichofanya kazi jana bado kina joto, hicho kitahitaji saa chache tu alfajiri. Kwa hiyo ulizeni depo mambo mawili: kichwa gani kitatoka kesho, na kitawashwa saa ngapi. Mkifika kabla moto haujawashwa mmewahi vizuri.

Mkiwa hapo, mtazameni mchochea moto kabla hajagusa kiberiti. Kwanza anasoma kioo cha maji, na haamini anachokiona mpaka afungue na kufunga vali zake aone maji yanashuka na kurudi, maana kioo kilichoziba huonyesha maji ambayo boilani hayapo. Pili anachungulia tanurini kama kuna mchirizi wa unyevu kwenye mirija. Ndipo inapoingia kuni, na makaa kidogo kidogo. Mwanzoni moshi hauna wa kuuvuta, kwa sababu kipulizio cha bomba la moshi kinaendeshwa na mvuke na mvuke bado haupo. Depo nyingine huunganisha mpira wa hewa ya kompresa hadi boila ipate presha ya kujitegemea.

Kitu ambacho wageni wengi hawakioni: boila imefungwa kwenye fremu (mifupa ya chuma inayobeba kichwa) kwa mbele tu, kwenye silinda. Upande wa tanuri umekalishwa juu ya viegemeo vinavyoteleza, kwa sababu pipa likipata moto hurefuka kwa milimita kadhaa. Inameni pembeni chini ya kibanda cha dereva mtaona mng'ao mwembamba wa chuma pale kinapotelezea. Hapo panapakwa mafuta kila mara. Pakikauka fremu inabeba mzigo usio wake.

Jioni nayo msiikose. Kichwa kikirudi kinapelekwa kwenye shimo la jivu, moto unasafishwa, masizi yanachotwa kwa sepetu kutoka chumba cha moshi, maji yanajazwa, makaa yanapakiwa, kisha bomba linafunikwa joto lisipotee. Kwa mpenda reli hii ni saa bora kuliko kupanda treni yenyewe.

Mpiga_Filimbi:
Kuhusu njia. Msirudi Berlin mkitoka Wolsztyn, mtapoteza nusu siku. Wolsztyn ina reli za kwenda Poznań (takriban kilomita 80), Leszno na Zbąszynek. Kuingia, tokeni Berlin kwa njia ya Poznań au Zbąszynek. Kutoka, pandeni ya kwenda Leszno, ikiwezekana ile inayovutwa na mvuke, badilisheni hapo kwenda Wrocław, kisha Görlitz, kisha Dresden. Kutoka Dresden kwenda Wernigerode mnapitia Halle, na kutoka Wernigerode kwenda Meiningen mnarudi Halle, Erfurt, halafu mnavuka msitu wa Thüringen kwa handaki la Brandleite, lililofunguliwa 1884, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3.

Wolsztyn wape usiku mbili, si mmoja. Treni ya mvuke ya ratiba hapo si jambo la uhakika: kichwa kikiwa matengenezoni, treni ile ile inakuja na dizeli na nauli ni ile ile. Angalieni ratiba ya wiki husika kabla ya kulipia hoteli. Gwaride la vichwa vya mvuke hufanyika pale karibu na sikukuu za Mei, na wengi humu watakwambia upange safari lilenge siku hiyo. Mimi sikubaliani. Siku ya gwaride mji mdogo unafurika, vyumba hakuna, na mnasimama nyuma ya kamba. Vichwa wageni huingia siku moja au mbili kabla, vinageuzwa kwenye meza ya kugeuzia (kipande cha reli kinachozunguka), vinajazwa maji na makaa, watu wachache. Fikeni mapema, tazameni maandalizi, na gwaride lenyewe mkilipata ni nyongeza.

Kumbukeni pia tarehe 1 Mei ni sikukuu nchi zote mbili, na Poland wana ya tarehe 3 vilevile. Msipange karakana inayofanya kazi siku hizo, mtakuta geti limefungwa.

DadaBogi:
Mwenzenu wa Interrail mwambieni akae kwanza. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, na inaangalia makazi, si pasipoti. Wale watano wa Ujerumani wanaipata, lakini ndani ya nchi wanayoishi inawapa safari mbili tu: ya kutoka na ya kurudi. Ziara yenu karibu yote ni ndani ya Ujerumani, kwa hiyo wangelipia pasi isiyofanya kazi. Wanne wa Dar hawahusiki nayo kabisa, wao wana Eurail, pasi kama hiyo kwa wasio wakazi wa Ulaya. Safari yenyewe ni fupi kiasi kwamba zote mbili hazilipi.

Fanyeni hivi. Upande wa Poland kateni tiketi za kawaida, treni za mikoa ni nafuu. Kuanzia Görlitz tumieni Sachsen-Ticket: ni tiketi ya siku ya kundi, hadi watu 5, treni za mikoa tu (ICE na IC, zile za kasi na za masafa marefu, hapana), na inashika majimbo ya Sachsen, Sachsen-Anhalt na Thüringen. Maana yake Dresden, Wernigerode na Meiningen zote zimo. Nyinyi tisa mnahitaji mbili kwa siku, ya 5 na ya 4. Andikeni majina kabla ya kupanda, na kila mtu awe na kitambulisho.

Ila kuna mtego, na unaingiliana na alichosema KichwaMvuke: siku za kazi tiketi hiyo inaanza saa tatu asubuhi. Ukitaka kuwa depo alfajiri huwezi kusafiri asubuhi hiyo hiyo. Safirini mchana, laleni mji wenye depo, asubuhi mnatembea kwa miguu. Wikiendi na sikukuu inaanza usiku wa manane.

Wale watano kama tayari wana Deutschlandticket (tiketi ya mwezi ya usafiri wa mijini na mikoani Ujerumani nzima) kwa ajili ya kazi, inawatosha kwenye treni za mikoa, na hapo mnanunua Sachsen-Ticket moja tu ya wanne. Treni ya kupanda mlima Brocken, kule Harz, ina nauli yake pekee, msiihesabu humo.

Viza ya wanne wa Dar: ombeni kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwenu ni Ujerumani. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, bima iwe ya angalau euro 30,000. Viza hiyo ya Schengen inatosha kuingia Poland na kurudi.

KichwaMvuke:
Dada amenena. Niongeze la ruhusa. Depo za makumbusho zinaendeshwa na vikundi vya wenye kujitolea, wengi wana kazi nyingine, barua pepe inaweza kukaa wiki mbili. Andikeni wiki sita kabla, kwa Kijerumani au Kipolandi, aya moja: idadi ya watu, kama kuna walio chini ya miaka 18, tarehe na tarehe ya akiba, saa ya kufika, na kwamba picha ni za matumizi binafsi. Semeni wazi mnataka kuona kupasha na kusafisha moto. Wakijua kwamba hamji kupiga selfi, mlango unafunguka zaidi. Mchango wa sanduku uwe noti taslimu, zloti upande wa Poland.

Depo za kisasa za kampuni za treni msiziandikie, kundi dogo la watu binafsi haliingii ila siku za milango wazi.

Mwanareli_Tabora:
Mavazi na usalama, kwa kuwa wengi huchukulia mzaha. Kila mtu awe na kizibao cha kuakisi mwanga (njano au chungwa), viatu vigumu vya kufunika vifundo, suruali ndefu ya pamba. Nailoni na cheche za makaa haviendani, tundu linatokea kabla hujanusa. Glavu za ngozi kama mtaruhusiwa kupanda kibandani, kwa sababu kishikio kilicho upande wa tanuri kinaunguza.

Reli vukeni, msizikanyage. Uso wa juu wa reli ukiwa na mafuta na umande ni utelezi mtupu. Msipite kati ya bafa (vizuia mgongano vya mbele na nyuma) za magari yaliyokaribiana hata kama yamesimama. Mashimo ya ukaguzi na shimo la meza ya kugeuzia hayana uzio, na anayetembea kinyumenyume akitafuta fremu ya picha ndiye anayetumbukia.

Kaeni mbali na ubavu wa silinda kichwa kinapoanza kuondoka. Dereva hufungua vali za chini kutoa maji ya mvuke uliopoa silindani usiku, kwa sababu maji hayashindiliki: pistoni ikiyakuta inang'oa kifuniko. Yanatoka kwa kishindo, yana mvuke, yana mafuta. Hapo ndipo watu hupata picha nzuri na malengelenge.

Na waya wa juu. Ujerumani ni volti 15,000, na umeme huo unaruka hewani bila kuguswa. Hakuna kupanda tenda (gari la makaa na maji nyuma ya kichwa), hakuna fimbo ya selfi, hakuna stendi ya kamera iliyonyanyuliwa.

Kamera ikitoka kwenye baridi kuingia banda lenye mvuke, lenzi inafuka ukungu. Iacheni ndani ya begi lililofungwa dakika 20 au 30 kwanza. Ndani ya banda la nusu duara milango ina mwanga mkali na vichwa ni vyeusi: pimeni mwanga kwenye chuma, acheni mlango utokee mweupe mtupu kwenye picha. Nyuso za wafanyakazi, ombeni kwanza.

Geji_Mita:
Nashukuru sana wakuu, nimeshahamisha hoteli zote ziwe usiku wa kabla. Wernigerode tuipe siku ngapi? Na Meiningen inafaa kweli kwa kundi, au ni kiwanda tu?

Mpiga_Filimbi:
Wernigerode siku mbili kamili, na kwa mtu aliyekulia kando ya reli ya kati au ile ya zamani ya Mombasa hapo ndipo pa kukaa. Harz ni geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,000, ile ile yetu, mtandao wa kilomita 140 hivi. Vichwa vyake vikuu vilitengenezwa Babelsberg kati ya 1954 na 1956, 17 kwa idadi, magurudumu kumi ya kuvuta, boila ya presha ya bar 14. Miaka ile ile Beyer Peacock wa Manchester walikuwa wanatengeneza Garratt (vichwa virefu vyenye seti mbili za injini na magurudumu, boila katikati) za daraja la 59 kwa East African Railways, 34, kila kimoja tani 250 na ushei, zikipewa majina ya milima. Kimojawapo, 5918 Mount Gelai, kiko makumbusho ya reli Nairobi. Geji moja, lakini kichwa cha Harz ukikiweka kando yake kinaonekana mtoto. Sababu ni kona na reli nyepesi za mlimani. Zile za kwetu zilichoma mafuta mazito. Za Harz nazo ziligeuzwa kuwa za mafuta mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha zikarudishwa kwenye makaa.

Pale stesheni kuna jukwaa la kutazamia linaloelekea depo, halihitaji ruhusa. Siku ya kwanza simameni hapo alfajiri. Siku ya pili pandeni Brocken: kutoka mita 234 hadi 1,125, mwinuko mkali mpaka 1 kwa 30, na kaeni behewa la mbele dirisha wazi. Theluji inaweza kuwepo bado mwisho wa Aprili, na juu mara nyingi ni ukungu mtupu. Wa Dar wabebe koti la kweli. Msitu ukiwa mkavu sana huwekwa dizeli kuzuia moto, ila kwa tarehe zenu uwezekano ni mdogo.

KichwaMvuke:
Meiningen ni kiwanda, na ndiyo raha yake. Kilianza 1914 na bado kinatengeneza boila mpya. Boila ya Tornado, kichwa kipya cha mvuke cha Waingereza, ilitoka hapo 2006. Hapo ndipo mtaona boila imevuliwa nguo: maelfu ya boliti za kushika kuta, mirija imetolewa, na ukoko wa chokaa ndani kama wa sufuria ya chai. Ukoko ukinenepa unazuia joto lisifike kwenye maji, chuma kinapata moto kupita kiasi kinavimba. Ndiyo maana boila huoshwa kila baada ya muda na maji yake hutiwa dawa.

Ziara za umma zina Jumamosi zake maalumu, mafundi hawapo lakini mnapita karibu zaidi na vitu. Ikiwa mnaweza kuomba siku ya kazi kwa maandishi, ombeni, ila msiudhike wakikataa. Sikukuu yao kubwa ni Septemba, hamtaiwahi.

Mkiwa kokote Ujerumani, tazameni maandishi madogo meupe kwenye fremu karibu na bafa: herufi za karakana na tarehe ya ukaguzi mkuu wa mwisho. Ukaguzi huo unadumu hadi miaka 8. Kichwa chenye tarehe iliyobakiza miezi michache kipigeni picha nyingi, na muulize msimamizi kama fedha za ukaguzi ujao zipo. Zisipokuwepo, kitaingia ndani ya banda na pengine kisitoke tena.