Mjadala: Kuruta wapimwe vipaji kabla ya kugawiwa kazi?

Mkoa wa Kigoma una kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) za Bulombora, Kanembwa na Mtabila. Kijana wa kujitolea hukaa miaka miwili. Apimwe kwanza, au apelekwe penye upungufu? Wanajadili watatu, tunawaita kwa majina ya miji: Kasulu, Ujiji na Kakonko.

Kasulu: Apimwe. Chukua mfano: nafasi 20 za umakenika, kila mwanafunzi anagharimu shilingi 1,500,000. Wakishindwa 6, milioni 9 zimepotea. Kupima vijana 100 kwa 20,000 kila mmoja ni milioni 2. Wanaoshindwa wakishuka hadi 3, umeokoa milioni 4.5, ukitoa gharama, inabaki 2.5.

Ujiji: Hesabu naikubali, ndugu, ila imesimama juu ya waombaji 100. Wakiwa 22, mtihani unawaacha nje wawili tu. 440,000 zimekwenda na darasa ni lilelile. Tena mtihani wenyewe hukosewa. Marekani, kuanzia 1976 hadi 1980, jedwali la kugeuza alama za ASVAB, mtihani wa vipaji wa kuingilia jeshini, lilipangwa vibaya. Alama za chini zikasomeka za wastani, jeshi likapokea maelfu waliokuwa chini ya kiwango.

Kakonko: Mnagombania karakana, shamba mmewaachia waliobaki. Hilo linaniuma, na ni hasara. Mche wa mchikichi aina ya tenera hukaa kitaluni takribani mwaka mmoja, na humo iliyodumaa lazima ing'olewe. Asiye na jicho la kulinganisha huipitisha. Ikipandwa kwa pembetatu ya mita 9, ekari hubeba miche kama 58, na ubovu huanza kuonekana mwaka wa tatu, kijana aliyekosea ameshaondoka kambini. Makenika akikosea, injini inagoma siku hiyohiyo. Kwa hiyo kijana aliye bora kote kuwili asikimbizwe karakana. Tazama pengo kati yake na atakayeshika nafasi yake kila upande; penye pengo kubwa ndipo aende.

Kasulu: Hapo umenipata. Basi karatasi ipungue, mikono ipimwe: mpe pampu ya maji iliyofunguliwa na mchoro wake, aifunge kwa dakika 30. Kitaluni mpe miche 20 iliyochanganywa, atoe 4 dhaifu.

Ujiji: Hiyo naiunga mkono, mradi wasahihishaji wawe wawili, kila mmoja atoe alama bila kuona za mwenzake. Wakitofautiana sana, kijana arudie kabla orodha haijabandikwa.