Mrejesho: kifaa cha kuhifadhia mafaili nyumbani

Wakuu, niliuliza ninunue kifaa gani cha kuhifadhia picha na video za familia kwenye mtandao wa nyumbani bila kufilisika. Asanteni sana. Nilimsikiliza aliyesema niachane na cha diski nne: nimechukua Synology DS223j, diski mbili za TB 4 kwa RAID 1 (kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili), hivyo nafasi ni TB 4 tu. Picha za simu zinapanda zenyewe, mama watoto kafurahi.

Kilichogoma ni kufungua poti kwenye ruta ili nifikie mafaili nikiwa nje ya nyumbani, laini yangu haina IP ya umma (anwani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti). Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa usalama kupitia intaneti, ndiyo imeniokoa. Video za 4K kwa Wi-Fi bado zinakwama, kwa waya zinacheza vizuri. Nakala nyingine naiweka kwenye diski ya USB, maana RAID si bakapu (mlinisema sana hapo!). UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) bado najichanga.