Mabati ya mheshimiwa: niyarudishe au niyaezeke?

Kasisi wa Busia

Watumishi wenzangu, Bwana Yesu asifiwe. Ninahudumu katika parokia ya kijijini hapa Busia, na nina jambo ambalo limeninyima usingizi. Mwezi uliopita nilisafiri kwenda Nairobi kwa mafunzo ya wiki mbili. Nilirudi kwa basi la usiku, nikafika alfajiri, na kabla sijanywa chai mzee mmoja wa kanisa akaja kunichukua, akanipeleka nyuma ya jengo la kanisa. Palikuwa na mabati 200 ya geji 30, yamefunikwa turubai, na juu yake karatasi yenye jina la mwanasiasa wetu mmoja na maneno "Kwa kazi ya Mungu". Alikuwa amekuja ibadani Jumapili nisipokuwapo, akapewa nafasi ya kuwasalimu waumini, na salamu hizo zikachukua dakika 40.

Paa letu linavuja kweli, hata mvua ikinyesha kwaya hulazimika kuhamia upande wa kulia. Lakini tangu Juni 2024, vijana walipopigwa risasi katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, nimekuwa nikihubiri waziwazi juu ya haki, na juu ya zahanati yetu isiyo na dawa. Jioni ile tukiwa mezani, binti yangu wa kidato cha tatu aliniuliza: "Baba, Jumapili bado utasema habari za zahanati?" Sikumjibu. Wenzangu, mngefanya nini?

Mstaafu, Eldoret

Mwanangu katika huduma, ukitaja Busia nakumbuka Agosti 1990. Nilikuwa kasisi kijana katika Dayosisi ya Eldoret ya kanisa letu la Anglikana, chini ya Askofu Alexander Muge. Waziri mmoja alikuwa ametamka hadharani kwamba askofu akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Alikwenda kwa waumini wake hata hivyo, na tarehe 14, akiwa njiani kurudi, gari lake likagongana na lori la maziwa pale Kipkaren, akafariki. Kwa muda mrefu baada ya mazishi nilijiuliza kama mimi ningeweza kusema robo tu ya yale aliyoyasema.

Nilipopata jibu, nililipata jikoni kwangu. Mke wangu alikuwa na ng'ombe wawili, na karo ya watoto wetu watano ilitokana na maziwa yao; kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeweza kunipigia simu Jumamosi usiku kunikumbusha hisani yake. Sikuwa jasiri kuliko wengine, ila sikuwa na deni.

Rudisha mabati hayo, lakini mwandikie askofu wako kwanza. Hutakuwa umebuni sheria yako mwenyewe, kwa maana Septemba 2021, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu kule Butere, Askofu Mkuu wetu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia ibada. Nao ndugu zetu Wakatoliki wa Jimbo Kuu la Nairobi, Novemba 2024, walikataa mamilioni yaliyotolewa na Rais na viongozi wengine katika kanisa la Soweto.

Mchungaji wa usharika, Kagera

Shikamoo mzee wetu. Nakubaliana nawe kuhusu deni, ila ninasita katika neno "rudisha". Mabati hayo walipewa waumini, na kasisi akiyarudisha peke yake atakuwa ameamua kwa niaba yao, kama vile wazee walivyopokea kwa niaba yake.

Kwetu KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, sadaka za mazao hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mwaka mmoja mgombea alinunua jogoo wa mjane kwa shilingi laki mbili. Watu walipiga makofi, naye yule mama akainama akijifunga upya kanga yake, kwa sababu jogoo wake, ambaye alimlea tangu kifaranga, alikuwa sasa ni kampeni ya mtu. Tuliliketia jambo lile katika baraza la wazee, tukakubaliana kwamba jina la mnunuzi halitangazwi na hakuna mnunuzi anayehutubu. Majira ya Pasaka 2018, niliposoma waraka wa maaskofu wetu juu ya hali ya nchi, hakuna aliyeweza kusimama akasema kwamba nakula chake. Itisha kikao, ueleze, kisha usikilize.

Mama Mchungaji, Machakos

Baba zangu, naomba niongeze neno. Mume wangu amehamishwa parokia nne katika miaka 16, na safari zake za semina na mazishi sizihesabu tena. Mnaposafiri, mlango hubaki kwetu. Niliwahi kuletewa bahasha "ya karo" na kijana wa mgombea wakati mume wangu yuko mahali pasipo na mtandao, mtoto wetu akiwa amerudishwa nyumbani kutoka shuleni siku hiyo hiyo. Niliirudisha, kisha nikalia, kwa sababu hatukuwa tumewahi kuzungumza kitu kama hicho, na sikujua kama nimemsaidia au nimemharibia.

Kwa hiyo, Kasisi, msiwalaumu sana wazee wenu. Uliwaachia funguo, hukuwaachia neno. Na kabla ya askofu na kabla ya kikao, mjibu binti yako, maana yeye ndiye aliyekuuliza waziwazi.

Kasisi wa Busia

Nimewasoma wote, na Mama Mchungaji amenigusa mahali penye kidonda. Nilimjibu binti yangu usiku ule ule, tukiwa na mama yake. Askofu amenijibu kwa maandishi kwamba ananiunga mkono. Kikao kilichukua saa tatu. Mzee mmoja alitoka kabla ya sala ya kufunga na hajanisalimu hadi leo, nami nitakwenda kwake wiki hii. Jumamosi mabati yalihesabiwa mbele ya wazee, yakapakiwa, yakaondoka na barua yenye shukrani na maelezo. Akina mama wameanza kuchangia mabati kumi kumi, kwa kuanzia upande wa kwaya.

Jumapili nitahubiri juu ya Nabothi, yule aliyekataa kumpa mfalme shamba lake la mizabibu, 1 Wafalme 21. Binti yangu ameomba yeye ndiye asome somo.