Mteja amekataa kumalizia pesa kwa sababu ya rangi ya kijani

Kurasa254: Wadau, salaam. Niko na studio ndogo ya kutengeneza tovuti hapa Ngara. Tuko watu watatu, chumba kimoja juu ya duka la spea. Mwezi wa tatu nilipata mama mmoja muuza mapazia Eastleigh. Tukapatana 85,000, akatuma dipoziti ya 34,000 kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Kazi iliisha wiki nne zilizopita, salio hajatoa. Eti kijani si kile alichoagiza. Nimebadilisha mara 11! Kila usiku, saa tatu au nne hivi, inaingia sauti ya WhatsApp: "Kijana wangu, hii imechacha." Rangi imechacha. Juzi akatuma picha ya pazia lenyewe limeanikwa kwenye kamba, jua kali, kidole chake kimeziba robo ya picha. Nifuate rangi ipi, ya upande wa jua au ya kivulini? Naomba ushauri mmoja tu: mteja wa aina hii anaongeleshwa vipi bila kukosana?

Mzee_wa_Wino: Umenikumbusha 2009 nikichapisha kadi za harusi River Road. Bwana harusi akaangalia sampuli, akatia sahihi, zikatoka kadi 300. Kesho yake karudi na mama mkwe: jina la ukoo wa bibi harusi limekosewa. Na ni yeye aliyeniandikia, nyuma ya pakiti ya sigara! Nikachapisha upya, hasara yangu.

Binti_Pangani: Pole. Mkataba unasemaje kuhusu marekebisho? Na domeini, yaani anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani?

Kurasa254: Mkataba ni ile invoisi. Ya domeini tuyaache, hayahusiani.

Binti_Pangani: Jina la nani?

Shemeji_wa_Wote: Mpelekee sukuma wiki achague jani 😂

Kurasa254: Sawa. Ni langu. Hakuwa na barua pepe na kulikuwa na haraka, nikaweka yangu. Na Jumamosi niliizima tovuti, nikaacha ukurasa mweupe ulioandikwa "Mwenye tovuti hii hajalipa fundi." Msinirukie. Fundi cherehani hakupi suti kabla hujamaliza pesa, kwa nini mimi nitoe? Na hosti, pale tovuti inapohifadhiwa, nailipia mimi.

Wakili_wa_Kibaraza: Fundi cherehani huzuia suti, habandiki jina lako mlangoni. Futa hayo maandishi leo. Deni la 51,000 lina mahali pake: Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, kesi yatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Lakini ukifika huko ataulizwa kuhusu rangi, nawe utaulizwa kwa nini jina la biashara yake liko kwako. Na kama unajiambia kazi ni yako mpaka alipe, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu kazi ya kuagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Wewe umepatana nini? Una invoisi.

Mama_Neema: Shida si kijani, ni kiburi. Mama wa watu anakuita kijana wangu, nawe unamwanika kama hilo pazia.

Jino_la_Luthuli: Yaani hamjaona? Anaangalia usiku tu. Simu nyingi zina mpangilio wa kukinga macho, giza likiingia skrini inageuka manjano. Kijani juu ya manjano lazima kichache. Nimerudishiwa simu tatu mwaka huu eti kioo nilichoweka ni kibovu, kumbe ni hiyo. Nenda dukani saa sita mchana, mfungue tovuti pamoja na pazia likiwa kando.

Kurasa254: Na nauli nani analipa?

Jino_la_Luthuli: Ngara hadi Eastleigh unahesabu nauli?

Mchunguzi_Huru: Jamani, mnatungiwa. Mwezi jana kulikuwa na uzi kama huu, ila mteja alikuwa wa keki na rangi ilikuwa ya waridi. Tena, nani anatuma 34,000 kwa simu lakini hana barua pepe?

Shemeji_wa_Wote: Mama yangu.

Mchunguzi_Huru: Haya. Studio ya watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyekwambia usizime?

Kurasa254: Wa tatu aliondoka mwezi jana. Ndiye aliyekuwa anaongea na wateja. Nilikuwa sijamlipa mshahara wa miezi miwili. Mmefurahi? Tumebaki mimi na mpwa wangu, na mpwa alisema nizime.

Mzee_wa_Wino: Yule bwana harusi naye ananidai kadi 20 mpaka leo.

Binti_Pangani: Kwa hiyo kijani walikubaliana yeye na mama, si wewe.

Kurasa254: Dukani kwake. Nasikia alikatiwa na kipande cha kitambaa aje nacho.

Binti_Pangani: Kiko wapi?

Kurasa254: Labda kwenye droo yake. Sijafungua.

Mchunguzi_Huru: Hii sasa naamini. Hakuna anayejitungia aibu ya namna hiyo.

Mama_Neema: Duka liko upande gani wa Eastleigh? Natafuta mapazia ya sebuleni.

Kurasa254: Ningekutumia tovuti, mama.