Natafuta fimbo ya kusafishia ya vipande, ya kukaa ndani ya kitako cha Winchester 1866 (replika ya Uberti)

mtoto_wa_bagamoyo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za wikiendi. Nina bunduki ya leva (ile unayosukuma mkono wa chini kupakia risasi), Winchester 1866 ile ya bodi ya shaba ambayo Wamarekani wanaiita Yellow Boy, ila sio ya kale, ni replika ya Uberti wa Italia, inakula risasi za .44-40, mtutu inchi 24 na robo. Nimeinunua mkononi kwa mtu hapa hapa Texas na iko safi sana. Sasa nyuma kwenye bamba la kitako kuna kimlango kidogo, ukikifungua unakuta tundu limechimbwa ndani ya mbao, ndo mule fimbo ya kusafishia inapokaa ikiwa vipande vipande, ukitaka kuitumia unavitoa unaviunganisha kimoja kimoja hadi unapata fimbo nzima. Tundu la kwangu liko tupu kabisa.

Niseme ukweli kwa nini nahangaika nayo. Nimezaliwa Bagamoyo, na sisi wote wa pale tumekua tunasikia habari za Stanley alivyotoka pale 1871 kwenda kumtafuta Livingstone. Kwenye silaha zake kulikuwa na Henry moja na Winchester moja, zile za risasi 16, na kwa mwaka huo Winchester haiwezi kuwa nyingine isipokuwa hii ya 1866 maana ya 1873 ilikuwa bado haijatoka. Kwa hiyo kila nikiishika nawawaza wapagazi na askari waliotembea na ule msafara mpaka Ujiji, na nataka yangu iwe kamili, sio tundu tupu.

Nimeangalia maduka ya vifaa vya uwindaji, naona zimejaa seti za alumini za bei rahisi, zile za kwenye kiboksi cha plastiki. Je zinaingia? Na kama haziingii nipate wapi inayofaa? Tredi nazo, yaani mistari ya skrubu ya kuunganishia, zimenichanganya, naona watu wanataja namba tofauti tofauti.

---

fundi_kereza_ohio

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri, ngoja nikujibu taratibu maana hapa watu wengi wanapoteza hela.

Usianze na duka, anza na tundu. Chukua kijiti kilichonyooka, kitumbukize mpaka kigote, weka alama kwa kucha usawa wa bamba halafu upime, hicho ndo kina. Kisha pima upana wa tundu lenyewe, na upime ndani kidogo ya mbao, usipime ule mdomo wa bamba peke yake maana mara nyingi havilingani. Ukishakuwa na hizo namba mbili kazi imekwisha nusu.

Upana una hesabu yake. Vipande vinne vikilala pamoja kwenye tundu la duara vinataka upana wa karibu mara 2.4 ya unene wa kipande kimoja. Kwa hiyo vipande vinne vya mm 7 vinadai tundu la mm 17, vya mm 6 vinaingia kwenye mm 14 na nusu. Vikiwa vitatu ni mara 2.15 hivi. Zile seti za alumini nyingi vipande ni virefu kuliko tundu, hata vikiingia kimlango hakifungi, na mtu akilazimisha anang'oa bawaba.

Tredi sasa. Brashi na vichwa vya kawaida vya bunduki na bastola hapa Marekani, ukiacha zile za matundu madogo sana na zile za shotigani, ni 8-32, yaani skrubu saizi namba 8 yenye mistari 32 kwa inchi. Ya Ulaya utakutana na M4. Skrubu ya M4 ina mm 4.0 na ile ya 8-32 ina karibu mm 4.17, hatua zake nazo hazifanani, kwa hiyo M4 kwenye tundu la 8-32 itaingia ikiwa inacheza cheza, na 8-32 kwenye tundu la M4 itazunguka kidogo halafu inagoma. Ikigoma usiikaze, utaharibu zote mbili.

---

jeshi_la_mtu_mmoja

Mkuu mbona rahisi, nunua fimbo ya jeshi ya M1 Garand, zinauzwa kwenye maduka ya mali za jeshi, nazo ni vipande na nazo zilikuwa zinakaa kwenye kitako. Chuma kizuri, bei poa, unamaliza kesi.

---

fundi_kereza_ohio

@jeshi_la_mtu_mmoja ndugu yangu wazo si baya ila lina mtego, fimbo za jeshi la Marekani tredi yake ni 8-36. Kwa macho huwezi kuitofautisha na 8-32. Ukifunga brashi ya dukani inaingia mizunguko miwili hivi inakaza, mtu anadhani imefika, akivuta ndani ya mtutu brashi inabaki humo humo. Ukitaka kutumia ya jeshi nunua na kiunganishi cha kubadilisha tredi, vipo. Halafu ile imetengenezewa mtutu wa .30, ni nyembamba, kwenye .44 inapinda katikati na kusugua ukuta wa mtutu kila unaposukuma.

---

Nyakio_wa_Minnesota

Hujambo ndugu. Mimi hupiga shabaha na klabu ya leva huku Minnesota, yangu ni ya 1873 lakini ndani ni zile zile, mkono ule wa viungo vinavyokunjana. Naomba niongeze jambo moja ambalo naona halijasemwa.

Hii bunduki haisafishwi kutoka nyuma kama ya bolti, ile ambayo kipande cha kufunga nyuma ya mtutu unakivuta na kukitoa. Bolti yake haitoki hivi hivi, mpaka ufungue mabamba ya ubavuni uanze kutoa viungo, na hiyo si kazi ya kila jioni. Kwa hivyo fimbo inaingia kwa mdomo wa mtutu. Na mdomo wa mtutu ndio sehemu risasi inaachana na bunduki, ukiila upande mmoja hata kidogo risasi zinaanza kwenda kombo. Fimbo ya vipande ina viungo vingi, kila kiungo kina ukingo, na kila ukingo unapita pale pale mdomoni ukienda na kurudi. Pitisha kidole juu ya kiungo ukishaunganisha, kama kucha inakwama basi na mtutu utaumia.

Mimi ya vipande naiweka kwenye kitako iwe ya dharura na ya heshima. Nyumbani natumia fimbo ya kipande kimoja iliyofunikwa plastiki, pamoja na ile koni ya shaba inayokaa kwa mdomo wa mtutu ili fimbo ipite katikati bila kugusa. Bila hiyo koni mimi singeingiza fimbo yoyote. Na alumini naikwepa, ni laini, mchanga na masizi yanajipachika ndani yake halafu inageuka msasa.

Uwanjani kama una haraka tumia kamba ile ya kuvuta yenye brashi katikati. Fungua leva, elekeza mtutu chini, dondosha kizito cha shaba kupitia juu hadi kwa chemba, pale risasi inapokaa, kikitokeza mdomoni unavuta. Inatoka nyuma kwenda mbele vile inavyofaa, na haigusi kitu.

Unapiga baruti nyeusi ama ya kisasa?

---

mtoto_wa_bagamoyo

Asanteni sana, nimejifunza vitu ambavyo dukani hakuna aliyeniambia. Dada Nyakio napiga baruti nyeusi, ndo utamu wenyewe, ule moshi!

Fundi nimepima kama ulivyosema. Kina ni sm 21, upana ndani ya mbao mm 16. Mtutu ukipima kwa sentimita ni kama 61 na nusu.

---

fundi_kereza_ohio

Safi, sasa tunaongea. Fimbo lazima ipite mtutu wote na ibaki ya kushika, mimi naweka sm 12 za mkono, jumla tunakuwa na sm 74 hivi. Ukigawa kwa vitatu kila kipande ni karibu sm 25, haviingii. Ukigawa kwa vinne ni sm 18 na nusu kila kimoja, vinaingia na nafasi ya skrubu za mwisho inabaki. Kwa upana wako wa mm 16, mm 7 inakataa, mm 6 inakubali na inabaki nafasi ya kitambaa.

Kwa unene huo chukua chuma, usichukue shaba. Tundu la tredi ya 8-32 linatobolewa kwa keekee ya mm 3.5, kisha tredi yenyewe inakula mpaka karibu mm 4.2, ukuta unaobaki kwenye fimbo ya mm 6 haufiki hata milimita moja kila upande. Shaba hapo itatanuka na kupasuka, chuma kitavumilia. Mwambie anayekukerezea mabega ya viungo yakutane bapa kwa bapa, halafu apige msasa fimbo ikiwa imeunganishwa yote, isiwe kipande kimoja kimoja, ndo ile kucha ya dada Nyakio haitakwama.

Kabla ya kukereza lakini piga simu kwa wauzaji wa spea za Uberti, VTI Gun Parts na Taylor's ndo ningeanza nao, na Dixie Gun Works kule Tennessee wamezoea hizi bunduki za mtindo wa zamani. Wape kina na upana wako, usiwaulize tu kama wana fimbo ya 1866, maana jina linaweza kuwa hilo na kipimo kikawa kingine. Za kale halisi zipo kwenye minada ila bei yake inauma, na zingine ni mpya zimezeeshwa rangi makusudi, mimi singetoa hela ya kale bila kuishika mkononi.

---

Nyakio_wa_Minnesota

Kama ni baruti nyeusi basi umebahatika na hiyo .44-40. Ganda lake lina shingo nyembamba, linatanuka likafunga chemba vizuri, masizi machache sana yanarudi nyuma kwa mashine. Wale wa .45 Colt, yenye ganda lililonyooka, wanateseka zaidi yetu.

Baruti nyeusi haitaki kusuguliwa na brashi sana, inataka maji ya moto. Weka ganda tupu kwa chemba ili maji yasishuke ndani ya bodi, pitisha kitambaa kilicholowa hadi kitoke cheupe, kisha kikavu, toa lile ganda, mwisho mafuta. Usilale kabla hujafanya hivyo, hasa wewe wa Texas kama uko karibu na pwani, chumvi za ile baruti zinanyonya unyevu na asubuhi utakuta kutu.

Na fimbo ukishaipata, usiirudishe kwa kitako ikiwa na maji. Mule ndani ya mbao hakuna hewa. Ikaushe, ipake mafuta kidogo tu, vizungushie vipande kitambaa cha pamba visigongane ukitembea, halafu hicho kitambaa kitakusaidia siku ukiishiwa vya kusafishia.

---

mtoto_wa_bagamoyo

Nimeelewa dada, hapa ni Galveston kwa hiyo pwani kabisa. Koni ya shaba nimeshaiagiza leo. Jumatatu napiga simu VTI nikiwa na vipimo mkononi, wakisema hawana ya sm 18 na nusu kwa mm 6, Fundi nakuja inbox unichoree, kuna jamaa hapa mtaani ana mashine ya kukereza.

---

fundi_kereza_ohio

Njoo tu mwanangu. Mchoro nitakuwekea na kichwa cha kitambaa cha .44, hicho nacho kikae humo humo kwenye tundu.