Mrejesho: Guardian Stalker kalala, si kwa panga

Shukran sana, wandugu. Niliuliza vipi kumwangusha Guardian Stalker, yule buibui wa chuma wa miguu sita kwenye gemu ya Breath of the Wild. Iliyofaa ni ngao: shikilia kitufe cha ZL kuinua ngao, doa jekundu analokulengea likikuandama tulia tu, jicho lake likiwaka buluu, yaani anafyatua mwale, ndipo ubonyeze kitufe cha A umrudishie. Ukiwa mbali, chelewa kidogo. Miale mitatu ikamrudia, kwisha.

Mwanzo ngao mbili zilipasuka. Kumbe TV ya kibanda cha gemu hapa Majengo huchelewesha picha. Nilipochomoa Switch, mashine yenyewe ya gemu yenye kioo chake, nikacheza mkononi, ikakaa sawa. Kukata miguu humpumbaza kidogo tu, na upanga ukanivunjikia kwenye mguu wa tatu. Mshale wa kawaida jichoni humduwaza, haumuui.