Heshima ya mwalimu iliondoka na kiboko? Mimi nasema hapana

Kila ikizuka habari ya mwanafunzi kumtukana mwalimu, jibu ni lile lile: rudisheni viboko, heshima itarudi. Hoja hii naisikia kwa wazazi, na kwenye chumba cha walimu ndiyo usiseme. Siikubali, na naileta hapa tubishane.

Kwanza tarehe. Poland ilikataza viboko shuleni mwaka 1783. Sweden ikafuata 1958, shule za serikali za Uingereza 1987, Afrika Kusini 1996, Kenya 2001. Nchi zimeacha kwa nyakati tofauti kabisa, lakini kilio cha walimu kudharauliwa kinasikika kote kwa wakati mmoja. Kinasikika hata Tanzania, ambako kanuni bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule. Basi tatizo liko kwingine.

Naona liko hapa: zamani mwalimu alikuwa mlango pekee wa maarifa. Akikosea, nani angejua?

Juzi nilikuwa nafundisha milinganyo kidato cha pili. Nikahamisha 7 kwenda upande wa pili, nikasahau kubadili alama. Nimeshuka mistari mitatu, nimewapa mgongo, binti wa dawati la nyuma akasema bila hata kunyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo saba si ilitakiwa iwe hasi?" Kimya. Nilipogeuka, hakuna aliyekuwa anatazama ubao. Wote walikuwa wananisoma uso.

Mwalimu aliyenifundisha mimi angempigisha magoti. Mimi, nakiri damu ilipanda kwanza, nikampa chaki. Akarekebisha, akakosea mstari wa chini, wenzake wakamcheka, tukamalizia pamoja. Darasa halikugeuka kuwa la malaika. Kesho yake waliochelewa walichelewa. Ila sasa wananifuata mstari kwa mstari wakiniwinda kosa, na huwezi kumwinda mwalimu bila kulijua somo.

Wanaonipinga wana jambo moja zito, nalo sitalikwepa. Mwalimu amenyang'anywa fimbo akaachwa mikono mitupu. Darasa la watoto 60, hakuna mshauri nasaha, vipindi vimebana, halafu anaambiwa "tumia mbinu mbadala". Zipi, na saa ngapi? Hapo wana haki ya kukasirika.

Lakini kinachoniuma zaidi ya fimbo ni hiki: mzazi anampita mwalimu, anakwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, na mwalimu anaitwa kujieleza huku mtoto kasimama pale pale anasikiliza. Dakika tano tu. Ukirudi darasani, habari imeshakutangulia.

Ufaransa mwaka 2018 ilikataza kwa sheria wanafunzi kutumia simu katika shule za msingi na za kati. Faida yake kwa mwalimu ni kwamba hagombani na mtoto kwa jina lake mwenyewe. Nyuma yake kuna kanuni ambayo mzazi naye anaijua.

Sasa nyie wa kiboko, nijibuni hili: mwanafunzi kakataa kutoa simu, umempigia mama yake, na mama anasema "mwachie, mimi ndiye niliyempa." Kiboko chako hapo unamchapa nani?